Utambi Mkavu

Kipngeno alikuwa mtu wa kwanza upande huu wa Sosiot kuheshimiwa kwa sababu ya hewa. Wengine waliheshimiwa kwa ng'ombe, wengine kwa watoto walio ng'ambo, na mmoja kwa kumiliki jenereta ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikiwaka. Kipngeno aliheshimiwa kwa kujua hewa imebeba maji kiasi gani.

Ujuzi huo aliutoa kiwandani. Miaka thelathini na moja alifanya kazi upande wa kunyausha majani, pale chai mbichi inapolazwa juu ya nyavu ndefu, feni kubwa zikiipuliza kutoka chini mpaka jani lilegee na kuachilia maji yake. Ukutani palikuwa na themomita mbili zimetundikwa pamoja kama mapacha. Moja ilikuwa kavu. Ya pili ilivishwa utambi wa pamba, na mkia wa utambi ukatumbukizwa kwenye kichupa cha maji. Hewa ikiwa na kiu, inanyonya maji ya ule utambi kwa pupa, na themomita iliyolowa inapoa na kushuka. Hewa ikiwa imeshiba mvuke, hainyonyi kitu, na themomita zote mbili zinasoma sawasawa. Basi kazi ya Kipngeno ilikuwa kutazama tofauti ya hizo mbili na kuamua feni ziende vipi. Kichupa chenyewe kilijazwa na mfagiaji mmoja aliyeitwa Noah, na kwa miaka yote hiyo Kipngeno hakuwahi kumwambia asante, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba maji ya kichupa yana mtu anayeyaleta.

"Mimi nimerudisha mito mizima mbinguni," alipenda kuwaambia watu pale kituo cha kuuzia majani, wakisubiri lori la kiwanda. "Jani la chai ni maji yamevaa shati ya kijani. Ukiyatoa, yanaenda wapi? Yanapanda juu, yanatembea, yanashuka. Mvua ikinyesha Bomet, mjue hiyo ni jasho yangu."

"Ndiyo maana ina harufu," alijibu Kipkirui, mwenyekiti wa kituo, na watu wakacheka mpaka lori likafika.

Alipostaafu, watu wa hali ya hewa walikuja wakitafuta mtu mwenye macho mazuri na subira. Wakasimamisha uani kwa kanisa sanduku jeupe lenye miguu minne, kuta zake mbao zilizopangwa kwa kuachana, hewa ipite lakini jua lisiingie. Ndani wakaweka mapacha wale wale: themomita kavu na themomita yenye utambi. Wakampa Kipngeno kitabu, kalamu na ufunguo mmoja. Asubuhi saa tatu asome, jioni saa kumi na mbili asome, aandike. Ufunguo aliufunga kwa kamba ya kiatu akauvaa shingoni. Mke wake, Mama Fancy, alimwambia hata pete ya ndoa hajawahi kuitunza hivyo.

Mwanzoni watu waliliita sanduku lile nyumba ya kuku. Halafu Januari moja Kipngeno alisimama kituoni akasema usiku huo barafu itashuka mabondeni, na ikashuka. Toka siku hiyo hakuna aliyetaja kuku.

"Sikilizeni," aliwaambia, akiwa amevimba kidogo kwa sifa. "Mvuke ndio blanketi ya dunia. Huwezi kuuona, lakini usiku ndio unashika joto ya udongo isitoroke. Hewa ikikauka na mbingu ikiwa wazi, blanketi imetolewa. Dunia inalala uchi. Na bonde ndiyo miguu. Nani hapa halali na miguu baridi?"

"Muulize Mama Fancy," Kipkirui akasema.

Aliyesikiliza kuliko wote alikuwa Mellen.

Mellen alitoka upande wa Nyamira akiwa msichana, akachuna chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho miaka kumi na tisa, kapu mgongoni, mpaka mashine za kuchuna zilipoletwa na watu wakaambiwa warudi kwao. Yeye hakurudi. Kiinua mgongo chake alikinunulia nusu ekari mlimani, juu ya nyumba ya Kipngeno. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, mgongo umeharibiwa na kapu, na alitaka kitu kimoja tu: kuchuna majani ya chai ambayo mtu akiuliza ni ya nani, atasema ni yangu.

Miche alianza kuiotesha mwenyewe, kwenye kipande alichoazimwa kule bondeni karibu na kijito. Vipandikizi alipewa na Kipngeno, kutoka vichaka vyake vizuri zaidi. Alivikata kwa wembe, jani moja na kidole kimoja cha shina, akavipanda kwenye vifuko vya plastiki vilivyojaa udongo mwekundu. Elfu tatu. Mwaka mzima aliishi kwenye hiyo nasari kama mtu anayeuguza. Kufika Januari miche ilikuwa na urefu wa shibiri, inang'aa, na mvua ya Machi ndiyo ilikuwa siku yao ya kuhamia mlimani.

Lakini mche uliolelewa kivulini hauwezi kutolewa ghafla. Lazima uzoeshwe jua pole pole, paa la nyasi likitolewa kidogo kidogo, hadi mche usimame wazi mchana na usiku. Ndicho Mellen alichokuwa akifanya mwezi huo. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu Januari ndiyo mwezi wa barafu. Kila jioni alikuwa na uamuzi: arudishe mikeka ya nyasi juu ya miche, au aiache. Mikeka ilikuwa ishirini na minne, mizito, na mgongo wake ulikuwa mmoja. Akiifunika kila usiku, miche haizoei, naye haamki. Akiiacha usiku mbaya, hana miche.

Kwa hiyo kila saa kumi na mbili jioni Mellen alipanda kutoka bondeni, akasimama uani kwa kanisa na kungoja Kipngeno afungue sanduku.

"Baba Fancy, hewa imesema nini leo?"

"Inasema inakusalimia, omong'ina," Kipngeno alijibu, akimwita mama mzee kwa lugha ya kwao Nyamira.

"Iambie nimepokea. Sasa nambari."

"Ishirini, kumi na sita. Mvuke upo. Lala."

Au: "Kumi na nane, kumi. Hii ni kavu kama mahindi ya mwaka jana. Funika." Na Kipngeno mwenyewe angeshuka naye kushika upande wa pili wa mikeka, akilalamika njia nzima kwamba amestaafishwa na kiwanda akaajiriwa na mwanamke wa Nyamira bila barua.

Wakati mmoja alimfundisha kusoma, Mellen akiinama na kukunja macho. "Na hizi zikiwa sawa kabisa?" aliuliza.

"Hewa imeshiba. Utaona hata ukungu kwa miti. Ama," akasema, akiinua kidole kama padre, "utambi umekauka. Ukikauka, hii ya maji inageuka kuwa kavu kama ndugu yake, zinasema kitu kimoja, na hiyo kitu ni uongo. Kwa hivyo mtu wa maana anaangalia kichupa kwanza."

"Na wewe unaangalia?"

"Mimi ni mtu wa maana."

Wiki ya tatu ya Januari kulikuwa na koito ya binti wa kaka yake Kipngeno huko Bomet. Watu wa bwana harusi wanakuja kuomba rasmi, wazee wa kuombwa lazima wawepo, mursik, maziwa ya kibuyu, inamiminwa, na hakuna anayeondoka siku ya kwanza. Kipngeno alikaa siku mbili. Ufunguo alikwenda nao shingoni. Mama Fancy alikuwa amemwambia amwachie, kichupa kitahitaji maji kwa ukavu huu.

"Sanduku lina mwenyewe," Kipngeno alimjibu. "Leo ukijaza maji, kesho utaandika kitabu, keshokutwa nitakukuta umevaa suruali yangu."

Alirudi siku ya pili jioni, saa kumi na mbili kasoro, amevaa suti, viatu vimepakwa rangi, tumbo limejaa nyama na maneno mazuri. Wazee wa Bomet walikuwa wamemsikiliza akieleza mvuke kwa karibu saa nzima. Alipita kanisani moja kwa moja. Mellen alikuwa pale tayari, amejifunga leso kiunoni, na Kipkirui naye alikuwa amesimama na watu wawili watatu wakitoka kwenye mkutano wa kanisa.

"Bwana harusi amerudi!" Kipkirui akapaza sauti.

"Nyamazeni, niko kazini." Kipngeno akafungua mlango wa sanduku kiasi cha pua, kwa sababu suti ilikuwa nyeusi na mbao zina vumbi la chokaa. Akasoma ya kwanza: kumi na saba. Akasoma ya pili: kumi na saba.

Kulikuwa na kitambo kidogo hapo. Baadaye angekirudia kitambo hicho mara nyingi kuliko alivyowahi kurudia sala yoyote. Alihisi kitu. Sawa kabisa, Januari? Lakini upande wa ziwa kulikuwa na wingu jeusi limelala, na watu walikuwa wanangoja, na kuangalia kichupa kungemlazimu kupiga magoti kwenye vumbi na suti.

"Kumi na saba, kumi na saba," akatangaza. "Hewa imeshiba mpaka inabeua. Mellen, leo lala kama malkia."

Mellen hakuondoka. "Baba Fancy, nguo zangu leo zimekauka kabla ya saa nne. Na ona." Aligusa mdomo wake wa chini. Ulikuwa umepasuka katikati, na ufa ule ulikuwa na damu kidogo. "Mimi nasikia ni kama hewa ni kavu."

"Omong'ina," Kipngeno akasema, na tayari alikuwa amegeuka kuwatazama watazamaji wake, "hiyo midomo imepasuka kwa sababu haijawahi kupumzika. Ifunike hiyo. Miche iache."

Wakacheka. Mellen naye alicheka, akiziba mdomo kwa mkono kwa sababu kucheka kulimuuma. Halafu akateremka bondeni polepole, mkono kiunoni, na haikuchukua muda akapotea kwenye giza la kijito. Wingu lile la upande wa ziwa nalo likaondoka, likaenda na mambo yake.

Alfajiri Kipngeno aliamshwa na ukimya. Alitoka nje na koti, na hewa ikamkata puani kama kitunguu. Mlimani kila kitu kilikuwa kijani. Kule chini, kando ya kijito, palikuwa peupe, kama mtu amemwaga unga na kuusawazisha kwa mkono.

Hakwenda bondeni. Alikwenda kanisani kwanza. Akafungua mlango wote, akapiga magoti, safari hii bila suti. Kichupa kilikuwa kitupu. Chini palikuwa na mstari wa udongo mahali maji yalipokuwa yameishia, pengine tangu jana yake. Utambi ulikuwa mgumu, umekunjamana, ukiugusa unachoma kidole kama nyuzi za mkonge.

Alikaa hapo kwa magoti. Halafu akafanya jambo ambalo mkono wake ulilifanya kabla hajauruhusu. Akachukua chupa ya maji ya mvua iliyokuwa kwenye kabati ya kanisa, akajaza kichupa, akaulowesha utambi kwa vidole mpaka ukalainika. Jua lilikuwa limechomoza. Akatazama themomita ya maji ikishuka: kumi na mbili, kumi, nane, saba. Ikasimama. Ndugu yake ikabaki kumi na mbili. Sanduku lilikuwa limerudi kuwa kweli, na hakukuwa na mtu duniani ambaye angejua kwamba kwa usiku mmoja lilikuwa limedanganya.

Akafunga, ndipo akashuka bondeni.

Mellen alikuwa katikati ya nasari na kopo la kumwagilia, akirusha maji ya kijito juu ya miche ili barafu iyeyuke kabla jua halijaipiga. Mikono ilikuwa myekundu. Alikuwa amefanya safu nne. Zilibaki zaidi ya arobaini. Kipngeno alichukua ndoo, wakamwagilia pamoja, wakikimbia kama watu wanaozima moto, na jua likawakuta safu ya kumi na moja.

Ilipofika saa tano hakukuwa na haja ya kuendelea. Majani yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia, yamejikunja, kana kwamba mtu amepita na sufuria ya maji yanayochemka. Hata zile safu walizomwagilia. Kwenye kona moja tu, ambapo mkeka mmoja ulisahaulika juu tangu juzi, palikuwa na miche arobaini na kitu, mibichi, imesimama kama haijui kumetokea nini.

Watu walikuja, wakasimama kwenye ukingo wa nasari. "Pole, Mama." "Pole sana." "Ni mapenzi ya Mungu." Kipkirui alikuwa wa kwanza kusema: "Na mashine ilisema hewa imeshiba. Tulisikia sisi wote."

Macho yakamgeukia Kipngeno. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Ni Mellen aliyeyarudisha.

"Msimuangalie hivyo," alisema. "Yeye alisoma alichoona. Kama mashine imedanganywa, yeye angefanya nini? Baba Fancy, usijilaumu. Ni hili bonde. Hili bonde ni la kigeugeu."

"Ndiyo," Kipngeno akasema. "Hata mashine hudanganywa."

Alisema hivyo. Mdomo wake, uliozoea kusema chochote ilimradi watu wafurahi, ulisema hivyo, na watu wakatikisa vichwa, wakaridhika.

Siku zilizofuata heshima ya hewa iliisha kama ilivyokuja. Kituoni wakarudia kusema nyumba ya kuku. Kipkirui aliuliza kama kuku wameanza kutaga. Kipngeno alicheka nao, na ilimshangaza jinsi alivyokuwa anacheka vizuri. Mtu mmoja tu aliendelea kusimama uani kwa kanisa jioni. Mellen alikuja wiki nzima, ingawa hakuwa tena na kitu cha kufunika isipokuwa ile kona.

"Imesema nini leo?"

"Kumi na tisa, kumi na mbili."

"Unaona, inajaribu," alisema, kama mtu anayemtetea mtoto aliyeanguka mtihani.

Mara mbili Kipngeno alijaribu kumwambia. Mara ya kwanza walikuwa peke yao, naye akaanza, "Mellen, siku ile nilitoka Bomet..." na Mellen akasema, "Ulikuwa umevaa suti mpaka nikafikiri ni mbunge," na yeye akajibu kwamba mbunge hawezi kufika Sosiot bila kura, na wakacheka, na ikapita. Mara ya pili alifika mpaka mlangoni kwake na maziwa kwenye jagi. Akatoa maziwa, akarudi. Maisha yake yote Kipngeno alikuwa ametumia mzaha kama wengine wanavyotumia mlango, na sasa alipotaka kutoka hakuona pa kupitia.

Mama Fancy alijua. Hakuambiwa, alikuwa amemuona akitoka na koti alfajiri ile kuelekea kanisani wakati bonde zima lilikuwa jeupe. Jioni moja Februari, akimmiminia chai, alisema tu: "Huyo mama bado anafikiri ni bonde."

"Najua."

"Mtu akifikiri ni bonde, anahama bonde."

Kipngeno akanywa chai yake yote, akajimiminia nyingine.

Machi ikaja. Ukungu ulianza kulala kwenye miti asubuhi, umande ukalowesha suruali mpaka magotini, na mchana ungeweza kuihisi hewa ikiwa nzito shingoni, imejaa maji ambayo bado hayajaamua. Jumapili ya pili mvua ilianguka, mvua kubwa ya kupandia. Kipngeno alisimama kwenye mlango wa kanisa akiitazama ikiupiga mlima, na nusu ekari ya Mellen ilikuwa pale juu, mashimo yamechimbwa kwa mistari, elfu tatu, yakijaa maji.

Mvua ilipopungua akatembea mpaka kwake. Alimkuta ndani, anafunga sufuria ndani ya shuka.

"Karibu, Baba Fancy. Umekuja kuniaga?"

"Unaenda wapi?"

"Chepseon. Kwa dada yangu. Ana duka pale sokoni, anasema nikae naye nimsaidie." Akakaza fundo. "Shamba nimempa Kipkirui. Amenunua kwa huruma, hata yeye anajua. Tumesaini Ijumaa."

Kipngeno akakaa kwenye kiti bila kualikwa. "Mellen. Kichupa kilikuwa kitupu."

"Kichupa gani?"

"Cha sanduku. Siku ile. Nilienda Bomet na ufunguo, maji yakaisha, utambi ukakauka. Sikuangalia. Nilikuwa nimevaa suti."

Mellen alikuwa bado ameshika ncha za shuka. Kipngeno alitazama uso wake ukifanya hesabu ambayo yeye mwenyewe alikuwa amemfundisha: mbili zikiwa sawa, hewa imeshiba, ama.

"Kwa hivyo hewa ilisema," Mellen akasema.

"Hewa ilisema. Mimi ndiye sikuisoma."

"Na asubuhi? Ulienda kuangalia?"

"Nilienda."

"Ukajaza maji."

"Nikajaza."

"Kabla ya kuja kwangu ama baada?"

Nje mabati yalikuwa yakidondosha matone ya mwisho. Kipngeno angeweza kusema baada. Lilikuwa neno dogo, na hakuna aliyeona. "Kabla," alisema.

Mellen akaachilia shuka. Sufuria zikagongana ndani. Aliketi kitandani, mikono magotini.

"Mimi nimetukana lile bonde," alisema. "Nimeambia watu haliwezi kusomeka. Nimelala nikisema, Mellen, wewe ni mzee, hata ukianza tena, hewa ya hapa itakucheza tena, na hutajua. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Miche ilikufa, sawa, miche inakufa. Lakini nilifikiri hakuna mtu anaweza kujua."

"Nilitaka kukuambia."

"Ungeniambia ile asubuhi. Nilikuwa na hasira, hasira ina nguvu. Ningekutukana mpaka saa sita, saa saba ningekuwa kwa vichaka vyako na wembe, nakata vingine." Akatikisa kichwa. "Sasa umeniletea wakati nimesaini."

"Nitaongea na Kipkirui. Nitamwambia mbele ya watu. Vipandikizi utachukua vyote, hata nibaki na shina..."

"Baba Fancy." Hakupaza sauti. "Nimechoka. Nilichoka nikiamini kitu ya uongo, lakini hiyo uchovu ni ya kweli. Dada yangu ananingoja."

 Kipngeno aliinuka. Alipofika mlangoni, Mellen akasema nyuma yake:

"Na midomo yangu?"

Aligeuka. Midomo yenyewe ilikuwa imepona zamani. Ilibaki alama ndogo tu.

"Midomo yako ilisema kweli," alisema.

"Basi andika hiyo kwa kitabu."

Aliondoka Jumanne. Miche ya kona alimwachia Kipngeno, akiipanga mlangoni pake asubuhi bila kubisha, arobaini na miwili, kila mmoja na kifuko chake. Kipngeno aliwaambia wa kituoni Jumatano, wakiwa wengi, lori limechelewa. Aliwaambia yote, hata suti. Hakuna aliyecheka. Kipkirui aliangalia viatu vyake, halafu akasema pole pole, "Wewe mzee," na hakumalizia. Hata hivyo shamba lilikuwa lake sasa, na alikuwa amelipanda tayari.

Jioni ile Kipngeno alifungua sanduku, akapiga magoti, akaangalia kichupa, akaugusa utambi. Ulikuwa umelowa. Akasoma: kumi na nane, kumi na saba. Akaandika. Kisha akarudisha kurasa nyuma hadi wiki ya tatu ya Januari, akaipata ile kumi na saba na kumi na saba, kwa mwandiko wake mzuri wa mtu aliyetoka kwenye sherehe. Akazipiga mstari. Pembeni, mahali pa maelezo, ambapo kwa kawaida aliandika mawingu au upepo, akaandika kwa herufi ndogo ili yatoshe: *Kichupa kilikuwa kitupu. Mellen alisema hewa ni kavu, midomo yake ilikuwa imepasuka. Ukweli ulicheleweshwa na mimi.*

Mwisho wa mwezi kijana wa ofisi ya hali ya hewa alipiga simu. Alisema wameona maelezo fulani kwenye kitabu, hawaelewi, ni kipimo cha nini?

"Cha mvuke," Kipngeno alimjibu. "Kilikuwa sahihi kuliko changu. Msikifute."

Ile miche arobaini na miwili ameipanda nyuma ya nyumba, safu mbili. Mlimani kule barafu haifiki, kila mtu anajua, na yeye ndiye aliyewafundisha. Hata hivyo usiku wa hewa kavu anatoka na mikeka. Mama Fancy husimama dirishani na taa akimtazama akiinama, akinyoosha nyasi juu ya vichaka visivyohitaji, na hamwiti aingie.

Na bado kila saa kumi na mbili jioni Kipngeno hukaa kidogo mbele ya sanduku baada ya kulifunga, ufunguo mkononi, akitazama njia inayopanda kutoka bondeni. Nambari anazo tayari. Ni kuuliza tu ndiko hakuna wa kuuliza.